Korongo, Taa na Ukingo wa Kitambaa

Cherehani yangu nimewaachia ninyi, vijana wa baraza la mafundi pale Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Magoti yamekataa kukanyaga, lakini mkono bado unashika kalamu. Mliniomba niandike namna ya kukata kola. Kola mtajifunza kwa macho. Nitaandika mambo ambayo mtu hayaoni hata akikaa mwaka mzima akitazama mikono ya fundi. Na nikijisifu, mnivumilie: wazee walioniona nikianza, ambao wangenisifu kwa haki, wametangulia wote, na kazi hiyo imebaki kwangu.

Nilizaliwa Lubondja, katika nyumba ambamo kaptura moja ya heshima ilivaliwa na kaka watatu kwa zamu. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho, ikiwa imebaki matundu yenye kitambaa kidogo. Nadhani ufundi wangu ulianzia hapo, kwa hasira. Nikakua, nikashuka ziwani, nikapanda hadi mji wa Usumbura, na katika mtaa wa Buyenzi nikampata Fundi Ramadhani, mzee aliyeshona kanzu kwa mkono huku akiwa amesinzia. Watu walisema analala. Mimi ndiye niliyegundua kwamba alikuwa anasikiliza mkasi wangu.

Ramadhani hakunipa sindano mapema. Alinipa vitambaa nivisome. Alikuwa akinishika kidole na kukipitisha kwenye ukingo, yaani ule ukanda mwembamba wa pembeni ambao kiwanda huufuma kwa nyuzi nene zaidi ili kitambaa kisifumuke. Mteja hautazami, kwa sababu sisi huukata na kuutupa. "Uso wa nguo umepakwa rangi ili upendeke," aliniambia. "Ukitaka kujua nguo ni mtoto wa nani, soma ukingo." Wakati huo niliona ni maneno ya mzee anayetaka kuniweka sakafuni muda mrefu.

Kutoka kwake nilikwenda Bukavu, nikaingia shule ya ufundi ya mabruda, nikatoka na diploma. Katika mtihani wa koti sikuwa wa pili. Diploma niliiwekea kioo, nikaifunga ndani ya blanketi, nikarudi nayo kusini kwa lori na kwa mtumbwi pamoja na cherehani ya miguu. Tulipofika Baraka, cherehani ilikuwa imevunjika mguu. Kioo kilikuwa kizima. Watu walicheka, wakasema nimejua cha kulinda. Mguu wa cherehani hutengenezwa na seremala yeyote. Diploma hakuna seremala anayeitengeneza.

Nikapanga chumba mbele ya duka la Mwarabu mmoja wa vitambaa, nikatundika diploma ukutani. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mvuvi wa Ubwari, mzee mwenye miguu ya chuma, aliyeitazama ile karatasi kama samaki asiyemjua.

"We fundi wa karatasi," alisema, "unaweza kunishonea suruali yenye itakauka mbio?"

Hakuna mwalimu aliyenifundisha suruali ya kukauka mbio. Nilitoa mifuko ya ndani, nikafungua pindo za chini ziwe moja badala ya mbili, nikaacha tundu dogo kwenye kila kona ya mfuko wa nje ili maji yatoke. Alirudi na wavuvi wengine, akawaambia kwamba karatasi yangu inafanya kazi. Mwingine alikuwa katekista wa Kilembwe, ambaye bega lake moja lilishuka chini ya lingine tangu utoto. Nilimwekea pamba begani, nikakata upande wa pili chini kidogo. Alirudi kwao akiwa amenyooka, na nasikia walimfanyia ibada ya shukrani. Jina langu halikutajwa katika ibada hiyo.

Sasa nifike kwenye kazi iliyonikomaza. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, vyama vikiota kama uyoga, na habari za kuchagua viongozi kwa kura zikisemwa sokoni kila siku. Kura ilikuwa ya wanaume tu. Lakini anayedhani kwamba wanawake wa Baraka hawakuwa na neno katika jambo hilo hajawahi kuoa Baraka.

Wanawake wa pwani walikuwa na makundi yao ya lelemama, ngoma ya kujipanga safu huku wakigonga pembe kwa vijiti. Makundi makubwa yalikuwa mawili. Subira liliongozwa na Mama Sauda, mwanamke mrefu aliyesema kidogo. Hodari liliongozwa na Mama Yusufu, mfupi, aliyesema kwa niaba ya wote wawili. Walishindana kwa nyimbo na kwa sare, na wimbo ulioimbwa na kundi lolote jioni ulikuwa midomoni mwa wanaume asubuhi, mitumbwini na mashambani. Kuhusu sare, desturi ilikuwa moja: ukikubali kuvaa kikwembe cha mtu, yaani kitenge alichokupa, siku akikuita umchezee, utacheza. Mwanamke aliyevaa sare na akakataa kucheza alikuwa kama aliyekula chakula cha harusi kisha akakana kwamba anawajua maharusi.

Na harusi ilikuwepo. Sauda, binti wa Mama Sauda, alikuwa amechumbiwa na Yusufu, mtoto wa Mama Yusufu. Posa ilikuwa imepokelewa, na wale mama wawili walikuwa wakiitana mkwe.

Ndipo akaja Bwana Feliksi kutoka Bukavu, kijana mwenye tai na sauti laini. Alileta chama kilichoitwa Urafiki wa Bamama, yaani wa akina mama. "Sisi hatuko siasa," alisema kwenye kila mlango, kabla mtu hajamwuliza. Chama kilipeleka sukari kwenye matanga. Kilileta sabuni kwa wazazi wapya. Hakikuomba kitu. Kisha kikawapa Subira vikwembe vya kijani vyenye picha ya korongo mweupe, nami nikapewa kazi ya kushona. Bwana Feliksi alikuwa na sharti moja: korongo asikatwe, akae katikati ya mgongo wa kila mwanamke.

Jambo hilo lilinisumbua kidogo. Mtu wa sukari ya matanga anajali nini ndege akikaa pembeni? Lakini nilishona, na korongo wangu walisimama wima kwenye migongo yote, hata ile mipana.

Haukupita muda, akaja Mama Bernadeti kutoka upande wa Uvira na chama kingine, Mwanga wa Nyumba. Huyu naye hakuwa siasa. Aliwapa Hodari vikwembe vyekundu vyenye picha ya taa, na sharti lake lilikuwa lile lile: taa isikatwe, ikae mgongoni. Yeye na Bwana Feliksi hawakusalimiana. Wakikutana sokoni, mmoja alivuka upande wa pili.

Maneno yakaanza. Bwana Feliksi alimnong'oneza Mama Sauda kwamba Hodari wanawaita wao waombaji wa sukari ya misiba. Mama Bernadeti alimnong'oneza Mama Yusufu kwamba Subira wanasema lelemama ya Hodari ni ngoma ya kutwanga muhogo. Kila kundi likatafuta wanawake wengi zaidi ili kulishinda lingine, na kila aliyeingia alipewa kikwembe. Wanawake ambao hawakuwahi kucheza, wa vijiji vya juu mpaka Fizi, wakajiunga ili dada zao wasishindwe. Mji ukagawanyika rangi mbili. Mimi nilishona mpaka wino wa viwanda ukabaki kwenye vidole vyangu, kijani mkono huu, nyekundu mkono ule.

Likaja swali la sare ya harusi. Mama Sauda alisema binti yake hatatoka nyumbani kati ya taa. Mama Yusufu alisema mtoto wake hatapokea mke mbele ya ndege. Posa ikasimama. Sauda alikuja dukani akakaa kwenye kiti cha wateja, akanitazama nikishona.

"Fundi," alisema, "we unashona rangi zote mbili. Mi nivae gani?"

Nilikuwa na jibu kwa kila swali la mshono duniani. Hilo nililijibu kwa kuchukua futi na kumpima mabega, kana kwamba ni swali la mshono.

Kisha Mama Bernadeti akaniletea jora jipya la taa nyekundu, kwa kuwa Hodari ilizidi kukua. Nilikuwa nalikunjua mezani nikikata, pande baada ya pande, mpaka nikakaribia mwisho. Hapo rangi nyekundu ikakoma. Ukafuata mstari mweupe usiochapwa kitu, upana wa shubiri moja. Na baada ya weupe, kitambaa kikaendelea kwa kijani, na juu yake akasimama korongo.

Nilitafuta mshono. Hakukuwa na mshono. Nikapitisha kidole kwenye ukingo, kama nilivyofundishwa Buyenzi. Uzi wa bluu uliofumwa pembeni ulipita toka kwenye taa, ukavuka weupe, ukaingia kwa korongo bila kukatika. Nikachukua masalio ya kijani ya Bwana Feliksi yaliyokuwa kikapuni, nikatazama ukingo wake: uzi ule ule wa bluu. Kiwanda kilikuwa kimechapa picha moja, kikabadilisha, kikachapa ya pili, na aliyetakiwa kukata katikati alisahau. Vyama viwili visivyosalimiana sokoni vilikuwa vimeagiza nguo zao kwa mkono mmoja.

Fundi asiye na diploma angepiga kelele barabarani. Mimi nilikunja kitambaa na kufikiri. Bwana Feliksi alikuwa ameagiza kwangu koti jipya. Nikamwambia aje kulijaribu asubuhi baada ya soko. Nikawaambia Mama Sauda na Mama Yusufu waje saa hiyo hiyo, kila mmoja bila kumjulisha mwenzake. Koti la kujaribu, mnajua, halina mshono. Linashikwa na pini kuanzia kola hadi pindo. Mtu aliyejaa pini hakimbii.

Bwana Feliksi alikuwa amesimama katikati ya duka, mikono mbali na mwili, Mama Sauda alipoingia. Nyuma yake akafika Mama Yusufu. Mama Sauda akasema na ukuta.

"Fundi, siku hizi unashonea hata batu ya taa?"

"Mwambie huyo mama," Mama Yusufu aliniambia, "korongo anakula vyura. Sisi tuko na nyumba, tunawasha taa, tunakula wali."

"Bamama," nilisema, "mnishikie hii nguo. Mama Sauda, hapa. Mama Yusufu, pale. Muvute."

Walivuta, kwa nguvu zaidi kuliko nilivyohitaji. Nguo ikafunguka katikati ya duka, korongo mikononi mwa huyu, taa mikononi mwa yule, na weupe kati yao. Mama Yusufu akatembeza mikono juu ya kitambaa, akaja polepole hadi kwenye weupe, akaupapasa.

"Mushono wake uko wapi?"

"Hauko. Nimeutafuta."

"Basi ni nguo moja."

"Nguo moja. Tazama uzi wa bluu pembeni."

Mama Sauda aliufuata ule uzi kwa kidole mpaka mikono ya wale mama wawili ikakutana. Kisha akageuka.

"Feliksi mwanangu. Hii ni nini?"

"Mama, ni mambo ya kiwanda. Kiwanda kinachapa vitu vingi."

"Kiwanda ndicho kilikuja kwangu kusema Hodari wanatuita waombaji?"

"Waombaji?" alisema Mama Yusufu. "Mi sikusema hivyo. Ni we ulisema ngoma yetu ni ya kutwanga muhogo."

"Mi? Ngoma yenu nilijifunza kwa mama yako."

Wote wawili wakamtazama Bwana Feliksi. Nadhani alihesabu mlango, kisha akahesabu pini. Akatabasamu.

"Bamama, musikasirike. Mambo iko muzuri. Mukubwa wetu anakuja toka Bukavu, kwenye uwanja wa mupira. Siku ile atabapatanisha. Korongo atashika taa na mudomo, vyama vitakuwa kimoja, na nyinyi mutakumbatiana mbele ya batu yote. Ni furaha tupu."

"Atatupatanisha," alisema Mama Sauda.

"Ndiyo, mama."

"Na nani alitugombanisha?"

Bwana Feliksi aliinua mkono ili ajibu, na pini ya kwapani ikamjibu yeye.

"Kisha kupatana, tutafanya nini?" Mama Yusufu aliuliza.

"Mutaimba tu. Bwana zenu batasikia, batachagua bagombea wa korongo na taa. Ni batu ya amani. Hata bwana wa shamba kubwa la pamba anabaunga mukono. Atatengeneza bonde lote la kando ya muto, litakuwa shamba la kisasa."

Bonde la kando ya mto ndiko walikolima mpunga, Subira na Hodari, tuta kwa tuta. Mama Sauda hakuinua sauti. Alisema tu, "Kumbe sukari ya matanga ilikuwa ya matanga yetu wenyewe."

Nikamvua Bwana Feliksi koti, taratibu, kwa kuwa pini ni mali. Akaondoka bila kuuliza litakuwa tayari lini.

Shida ilibaki. Walikuwa wamevaa sare, na aliyevaa atacheza. Nilisema wakatae, warudishe vikwembe. Wote wawili walinitazama kama mtoto.

"Fundi, diploma yako iko kubwa," alisema Mama Yusufu, "lakini tulivaa. Tutacheza. Neno letu haliwezi kuwa kama la Feliksi."

"Tutacheza siku ile," alisema Mama Sauda, "pale pale uwanjani." Akafikiri. "Mukwe, ile siku iko na kazi ingine?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumwita mkwe. Mama Yusufu alikaa kwenye kiti cha wateja, akacheka mpaka akajifuta macho kwa upande wenye korongo wa ile nguo.

Wakanigeukia niwape sare moja ya harusi, ya kuvaliwa siku hiyo hiyo uwanjani. Nikatandika vikwembe viwili mezani, nikachora kwa chaki toka bega la kushoto kushuka kiunoni mpaka pindo la kulia. Upande mmoja kijani, upande mwingine nyekundu, na mshono ukipita katikati ya mgongo, ili kila korongo abaki nusu na kila taa ibaki nusu. Andikeni hili: vitambaa viwili tofauti ukiviunga hivyo, kimoja husinyaa baada ya kufuliwa na mshono hukunjamana. Hivi havikukunjamana hata miaka baadaye, kwa sababu vilikuwa kimoja tangu mwanzo. Mafundi wote wa Baraka walisaidia kufumua na kuunga. Walifumua wao, niliunga mimi.

Mkubwa wa Bukavu alifika uwanjani na gari lake, na hotuba mfukoni. Alitegemea kukuta makundi mawili, kijani huku na nyekundu kule, yakikodoleana macho. Alikuta masufuria ya wali, pembe zikigongwa, na wanawake wa rangi mbili kila mmoja, mpaka huwezi kujua Subira inaishia wapi. Mama Sauda alimpokea kwa heshima zote.

"Karibu, baba. Utakaa upande wa bwana harusi ao wa bibi harusi?"

"Mimi nimekuja kuwapatanisha," alisema.

"Umechelewa kidogo, baba," alisema Mama Yusufu. "Tulisha kupatana. Lakini wali iko."

Kwetu mgeni wa harusi hahutubii kabla ya kula, na baada ya kula ngoma imekwisha kuanza. Walimchezea, kama walivyoahidi, safu kwa safu, kwa unyenyekevu wote. Waliimba: nguo umenipa, nimevaa, sauti hukunipa, ninayo. Wanaume walisikia vizuri. Asubuhi yake wimbo ulikuwa mitumbwini, na ilipofika siku ya kura kila mume wa Baraka alikwenda akiwa na wimbo huo kichwani. Siwezi kusema nani alimchagua nani. Najua tu kwamba mpaka leo bondeni unavunwa mpunga.

Koti la Bwana Feliksi nililimaliza, kwa mishono miwili, maana mteja ni mteja. Alikuja harusini akiwa amelivaa. Alikula vizuri, na jioni Mama Yusufu alimfungia sahani nyingine ya kwenda nayo. Sauda alivaa nyeupe. Ule mstari wa shubiri moja ulitosha kitambaa cha kichwa, nao niliupinda kwa mkono, kwa sindano aliyonipa Ramadhani.

Mnajua kwamba wanawake wetu hawanunui kikwembe kisicho na jina. Ule mshono waliupa jina siku hiyo hiyo, mkubwa akiwa bado anakula: Mupatanishi Hana Kazi. Hata sasa mama akileta vitambaa viwili na kusema anataka Mupatanishi Hana Kazi, msimwulize maana yake. Pitisheni kidole kwenye kingo zote mbili kwanza, kisha anzeni kukata, toka bega la kushoto.